Shahada ya usimamizi wa miradi: uliza kwanza wanafundisha hesabu gani

Hapa Uganda, kijana aliyemaliza S6 (kidato cha sita) na prinsipo mbili, yaani amefaulu masomo makuu mawili, anaweza kuingia moja kwa moja kwenye shahada ya usimamizi wa miradi, akakaa darasani miaka 3, akavaa joho, na bado asijue kupanga kazi 9 za kisima kimoja. Hatua za mradi, sifa za kiongozi bora, maana ya mdau: hayo atakuwa nayo kichwani kama sala. Sisemi kozi ifutwe. Nasema inafundishwa kwa maneno mengi mno na hesabu chache, na anayeilipia karo ajue hivyo mapema.

Tuchukue kisima chenyewe. Tuseme ni cha shule ya msingi huko Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, pampu ya mkono aina ya U2, ile iliyoenea vijijini kwetu. Mikutano na wananchi pamoja na makubaliano ya kiwanja, siku 10. Upimaji wa kutafuta maji ya ardhini, siku 5. Kuchimba, siku 3. Kuvuta maji kwa majaribio ili kujua kisima kinatoa kiasi gani, siku 2. Kutoka hapo kazi zinagawanyika: sampuli inakwenda maabara siku 14, na huku nyuma mafundi wanajenga jukwaa siku 3, kisha zege linaachwa likomae siku 7 likimwagiwa maji. Mafunzo ya kamati ya maji, siku 4, yanaweza kufanyika wakati wowote baada ya ile mikutano. Mwisho pampu inafungwa, siku 1.

Anayejumlisha tu atapata siku 49, na ndizo atakazoandika kwenye andiko la mradi. Jibu ni 35. Mlolongo mrefu kuliko yote unapita kwenye mikutano, upimaji, uchimbaji, majaribio, maabara na ufungaji wa pampu. Kazi yoyote humo ikichelewa siku moja, mradi mzima umechelewa siku moja. Jukwaa na zege vina akiba ya siku 4, yaani vinaweza kuchelewa siku hizo bila kuchelewesha mradi. Mafunzo ya kamati yana akiba ya siku 20.

Sasa mfadhili anataka kazi iishe mapema. Asiyejua hesabu hii atakodi mtambo wa pili wa kuchimba, pesa nyingi kwa kazi ya siku 3. Aliyeifanya atapiga simu maabara. Wakikubali kutoa majibu kwa siku 10 badala ya 14, mradi unashuka hadi siku 31. Wakikubali siku 8? Unabaki 31 vilevile, maana sasa zege ndilo linaloshikilia mradi. Kisha kuna swali ambalo kompyuta hailijibu: je, umwage zege kabla majibu ya maabara hayajarudi? Maji yakionekana hayafai, saruji yako imekwenda. Maabara ikibaki na siku zake 14, unaweza kusubiri siku 4 bila kuchelewesha chochote. Ya tano unailipa. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi 20 ya namna hii kwa karatasi na penseli ameshaanza kuwa meneja. Programu ije baadaye. ProjectLibre haina malipo, Excel iko kila ofisi, na Primavera utakutana nayo kwenye barabara kubwa na mafuta. Lakini programu ukiipa mpangilio mbovu itakuchorea mpangilio mbovu wenye rangi nzuri.

Kwenye pesa ndiko ripoti nyingi zinapodanganya, mara nyingi bila kukusudia. Mradi wa shilingi milioni 40. Kufikia leo mpango ulisema kazi ya milioni 20 iwe imekamilika, na matumizi halisi ni milioni 18. Ripoti inaandika kwa furaha: tumeokoa milioni 2. Ukienda uwanjani unakuta kazi iliyokamilika, kwa bei ya bajeti, ni ya milioni 15. Basi hakuna kilichookolewa. Kazi ya milioni 15 imekula milioni 18, na mradi uko nyuma kwa robo ya kilichopangwa. Ukiendelea kwa mwendo huo, gawa 18 kwa 15, zidisha kwa 40: utamaliza kwa milioni 48. Hizo 8 zitatoka wapi? Swali hilo liulizwe leo, siyo mwezi wa mwisho.

Kitabu kilichoandikwa Marekani kitakufundisha fomula hizo vizuri. Hakitakufundisha kalenda ya Uganda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na kufungwa 30 Juni, na fedha ambayo haijatumika hurudi hazina. Wilaya ikianza kutangaza zabuni baada ya Julai, tathmini, rufaa na kusaini mkataba vinaweza kumeza miezi kadhaa, na mkandarasi anaingia uwanjani mvua za Septemba hadi Novemba zikiwa zimeshika. Ikiwa mtaala haumkalishi mwanafunzi na sheria ya ununuzi wa umma ya 2003, pamoja na marekebisho yake, atakuja kuisoma siku mkaguzi anapogonga mlango. Nashangaa pia tunavyohangaika na mifano ya ng'ambo wakati bwawa la umeme la Karuma liko hapa: megawati 600, ujenzi ulianza 2013, uzinduzi rasmi ukafanyika Septemba 2024. Isimba nayo, megawati 183, ilizinduliwa 2019, na Agosti 2022 maji yakafurika kwenye jengo la mitambo yake. Hapo kuna muhula mzima wa masomo.

Tatizo lingine ni fani. Usimamizi wa miradi ni kazi ya kupanga kazi za watu wengine, na mtu asiyejua zege linakomaa kwa nini hawezi kubishana na fundi anayetaka kufunga pampu siku ya tatu. Kwa hiyo kama una nafasi ya uhandisi, kilimo, takwimu, uhasibu au afya ya jamii, ningekushauri usome hiyo kwanza, kisha uongeze diploma ya uzamili ya miradi, ambayo Uganda Management Institute, kwa mfano, imeifundisha muda mrefu. Kama umeshaingia kwenye shahada ya miradi, shika fani moja tangu mwaka wa kwanza na kila zoezi lifanye humo. Maji, kwa mfano. Au bajeti. "Ninafanya miradi yote" ni jibu linalotisha waajiri, hasa tangu 2025, Marekani ilipokata misaada yake na kufunga shirika lake la misaada, USAID, na watu wenye uzoefu wa miaka 10 wakarudi sokoni kutafuta kazi zilezile unazozitafuta wewe.

Kabla ya kulipa, angalia orodha ya NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu. Chuo kuwa na leseni ni jambo moja, kozi yenyewe kuwa na ithibati ambayo muda wake haujaisha ni jingine. Halafu omba mitihani ya miaka iliyopita. Ukikuta "eleza", "taja" na "jadili" kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, bila mchoro hata mmoja wa kukokotoa siku, umeshajibiwa.

Vyeti vya kimataifa visikupe presha. PMP, cheti cha meneja wa miradi mwenye uzoefu, inataka miezi 36 ya kuongoza miradi kwa mwenye shahada, kwa hiyo anayekuuzia darasa la PMP ukiwa mwaka wa pili anakuuzia hewa. CAPM, cheti cha anayeanza, ndiyo ya mwanafunzi: haidai uzoefu, inadai saa 23 za mafunzo ya miradi.

Kwenye mafunzo kazini usikubali kumaliza wiki zote ukiandika mihtasari ya mikutano na kugawa maji ya kunywa. Omba faili moja ya ununuzi iliyokwisha fungwa na uifuate kuanzia ombi la kwanza hadi malipo ya mwisho, ukiandika tarehe ya kila sahihi. Omba daftari la uwanjani ulilinganishe na ripoti ya mwezi huohuo. Na kama unazungumza Kiswahili, omba upelekwe kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyaka II au Kyangwali, ambako Wakongo wengi watakueleza bila mkalimani kwa nini kisima kilichoandikwa "kimekamilika" hakichotwi maji.