Jiwe la Tairi

Kwanza tuelewane: nikisema gereji, simaanishi pa kutengenezea magari. Jirani aliposikia najenga gereji alikuja na gari lake linalotoa moshi mweusi, akauliza nafungua lini. Mimi nataka kibanda tu, gari lilale. Kiwanja changu ni mteremko mtupu. Kila jioni naegesha, navuta hendibreki, naacha gia, halafu nashuka na tochi kutafuta jiwe langu nilichomeke nyuma ya tairi. Mke wangu anasema jiwe lile naliaga vizuri kuliko yeye.

Fundi alikuja, akatazama, akasema, "Hapa pametulia, bosi."

Pametulia! Mpira wa watoto ukidondoka hapo unaufuata kwa jirani wa tatu. Nikamwambia apime. Akatandaza mpira wa maji wa kupimia usawa, ncha moja huku juu, nyingine kule chini, mita 6. Tofauti ikatoka mita 1 na ushee. Yaani sakafu ikilingana na barabara, upande wa nyuma gari liko ghorofani.

"Tunajaza kifusi," akasema.

Sasa kujaza kuna adabu zake. Unamwaga kifusi kidogo, kama sentimita 15, unanyunyiza maji, unashindilia, ndipo unaongeza. Vijana wake walimwaga mita nzima kwa mkupuo, wakapanda juu wakarukaruka, wakatangaza kimeshiba. Kilishiba nini? Mvua ya kwanza tu, kifusi kikatitia, ukuta wa kukizuia ukaota tumbo. Nikauliza, matundu ya kutolea maji yako wapi?

"Ukuta wenye matundu, bosi? Si watu watasema nimelipua kazi?"

Nikatafuta pa kukaa. Hata pa kukaa hapakuwa sawa.

Tukabomoa. Safari hii matundu yakawekwa, na kokoto nyuma yake ili maji yapate njia. Kisha fundi, bila kuuliza mtu, akashusha sakafu nusu mita "ukuta usibebe mzigo mkubwa". Wazo zuri. Ila kutoka barabarani hadi mlangoni ni mita 2 tu, na nusu mita yote ya kushuka imebanwa humo humo.

Siku ya kuingiza gari watu walijaa kama kwenye msiba wa tajiri. Nikashusha taratibu. Tairi za mbele zikashuka, za nyuma zikabaki barabarani, tumbo likakwaruza ukingo wa zege: krrrrr! Gari likanasa hapo, linanesa. Tulilisukuma watu sita kulirudisha juu, na yule jirani wa moshi ndiye aliyekuwa akihesabu "moja, mbili, tatu".

Giza likaingia. Nikaegesha palepale pa siku zote, nikavuta hendibreki, nikaacha gia, nikashuka na tochi. Jiwe silioni. Nikampigia fundi.

"Lile kubwa la bapa? Aa, lile lilitufaa sana, bosi. Liko kwenye msingi, kona ya kushoto."