Mjukuu wa Kisauni na imani aliyoikuta ng'ambo

Krismasi iliyopita kijana wa miaka 16 alirudi Kisauni, Mombasa, kumsalimia nyanya yake. Aliondoka akiwa na miaka 12, pale mamake, ambaye ni muuguzi, alipopata kazi Uingereza baada ya makubaliano ya 2021 kati ya nchi hiyo na Kenya yetu kuhusu wahudumu wa afya. Nilimkumbuka kama mtoto wa benchi la nyuma, kichwa kimeinama, akichora magari kwenye karatasi ya matangazo. Safari hii aliingia katika darasa la kipaimara ninalofundisha kwa mwaka wa 12 sasa, akanyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kama Yesu alijua Yuda atamsaliti, kwa nini alimchagua?" Wenzake wakageuka wakamtazama kana kwamba ametukana.

Swali lile lilizua mjadala ambao mpaka leo haujatulia. Nyanya yake, aliyezeekea katika kanisa hili, alisema mtoto amefundishwa kubishana na Mungu. Mamake akatuma ujumbe wa sauti kwamba kwa mara ya kwanza mwanawe anaifungua Biblia bila kufuatwa na ufito. Wazee wakagawanyika, na sisi walimu vilevile. Linalobishaniwa ni kama kijana anayekomaa kiimani ndani ya kikundi cha vijana cha kanisa la ng'ambo, mbali na kanisa lililombatiza, amepata au amepotea.

Kijana mwenyewe alinieleza habari za kikundi hicho tukiwa tumeketi kibarazani kwa nyanya yake na chai ya tangawizi. Hukutana Ijumaa jioni kwenye ukumbi wa kanisa. Wako 14. Kuna meza ya tenisi, mkate wa kuchoma na kakao ya moto. Wakishacheza kama nusu saa, huvuta viti wakakaa duara, wakasoma aya chache za Injili ya Marko, kisha kiongozi wao, kijana anayejitolea, huwauliza jambo moja: ni nini hapa kimewasumbua? Hakuna anayechekwa. Swali likiwashinda huandikwa ubaoni likangoja wiki ijayo. Watu wazima hawapungui wawili chumbani, na kabla ya kukabidhiwa vijana, rekodi zao za jinai huchunguzwa, jambo linalofanana na cheti chetu cha tabia njema.

Sasa nitazame kwangu. Darasani mwetu vijana hukariri Imani ya Mitume, Amri Kumi na majibu ya katekisimu, na mimi husahihisha anayeruka neno. Askofu huja akawawekea mikono, picha zikapigwa, soda zikanyweka. Mwaka juzi walikuwa 40. Baada ya miezi miwili nilihesabu waliobaki kanisani, nikapata tisa. Wale 31 hawakukasirika wala hawakuhamia kwingine. Walikuwa wamemaliza, kama sisi tulivyomaliza darasa la nane. Nimeliwaza jambo hili usiku mwingi, na siwezi kusema kosa ni la vijana.

Mamake kijana ana hoja nzito hapa. Katika sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales, waliojitaja kuwa Wakristo walikuwa asilimia 46.2, mara ya kwanza kushuka chini ya nusu. Kwetu, sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya. Ina maana kwamba huku mtoto huvalishwa Ukristo pamoja na sare ya shule. Kule, kijana anayekwenda kikundini Ijumaa usiku, kwenye baridi, huku wenzake wa darasani wakimwuliza kama kweli anaamini mambo hayo, lazima awe na jibu lake mwenyewe. Jibu la nyanya halimfikishi mbali. Kijana aliniambia, "Nyanya akiniombea nasikia raha, lakini shuleni ni mimi ninayeulizwa."

Hata hivyo nyanya naye ameona jambo ambalo mamake halioni kutoka huko aliko. Wiki hiyohiyo ya Krismasi kulikuwa na msiba mtaa wa pili. Vijana wetu wa KAYO, chama cha vijana wa kanisa letu la Kianglikana, walipakia viti vya plastiki kwenye mkokoteni, wakafunga turubai, wakakesha matanga usiku kucha pamoja na wazee, wakachota maji ya kupikia na kumshika mkono mjane alipotaka kuinuka. Kati yao walikuwamo wasioweza kueleza hata mstari mmoja wa Marko. Mgeni wetu alisimama kando, hajui pa kushika, mpaka mzee mmoja akampa sufuria. Si kwamba hakutaka. Kule rafiki zake kanisani wote wana umri wake, na kikundi kinakwisha wakifika miaka 18 na kutawanyika vyuoni. Hajawahi kukaa karibu na mtu anayekufa, wala kuimba kwaya na mama wa miaka 70 aliye na deni la dukani na bado anatoa sadaka. Imani aliyonayo ni ya kweli, nimeiona kwa macho. Lakini imeegemea marafiki 13 na kiongozi mmoja, na hiyo ni nguzo nyembamba.

Kuna na suala la majirani. Mombasa hatufundishwi kuhusu Waislamu kwenye kitabu, tunaamshwa na adhana yao. Pilau ya Idi hupita juu ya ukuta kuja kwetu, na chapati za Krismasi hurudi kwao. Kijana alirudi na bidii ya kumhubiria mtoto wa jirani siku ya pili tu. Nyanya yake alimshika mkono akamwambia, "Baba, kwanza mjulie hali mamake." Hapo nilimwunga mkono nyanya bila kusita.

Juu ya usalama, kila upande humtisha mwenzake, na kwa bahati mbaya kila upande una ushahidi. Ukitaka kujua kwa nini Waingereza siku hizi ni wakali kuhusu watu wazima wawili chumbani, mwangalie John Smyth, mwanasheria aliyehusika na kambi za Kikristo za wavulana na kuwapiga vijana kikatili katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, kisha akahamia Zimbabwe 1984 na kuanzisha kambi nyingine kwa watoto wa huko. Ripoti kuhusu jinsi kanisa lilivyoshindwa kulishughulikia suala hilo ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alijiuzulu. Basi nyanya anapouliza, "Huyo anayekaa na mjukuu wangu usiku ni nani?" anauliza swali la haki. Lakini sisi tulio pwani hatuna pa kujifichia. Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga mpaka kufa, iko hapa Kilifi, na tangu 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa huko, mingi ikiwa ya watoto. Mtoto aliyekatazwa kuuliza ndiye rahisi kupelekwa msituni. Tangu mwaka ule siwezi tena kuliona swali la kijana darasani kama utovu wa adabu.

Katika mjadala huu tunasahau pia kwamba kanisa letu la Mombasa liliwahi kupokea vijana waliolelewa kiimani ng'ambo. Karne ya 19, Waafrika waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa walipelekwa India, na baadhi yao wakalelewa katika kituo cha wamishenari karibu na Nashik. William Jones na Ishmael Semler walitoka huko wakaja Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1864. Freretown ilipofunguliwa 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, wenzao wa kutoka India walikuwa miongoni mwa waliolisimamisha kanisa pale, kwa kengele ileile iliyotupa jina la mtaa wa Kengeleni. Jones na Semler walifanywa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885. Hannington alipouawa Busoga mwaka huohuo, Jones ndiye aliyeurudisha msafara Rabai.

Historia hiyo haimpi ushindi mama wala nyanya. Inaonyesha kwamba imani iliyokuzwa ugenini yaweza kurudi ikawa msingi wa nyumba. Inaonyesha pia gharama yake: watu hao walinyang'anywa wazazi na lugha za mama zao kabla ya kupewa chochote, na waliporudi walikuwa wageni kwa Waafrika na kwa Wazungu pia. Kijana wetu hakunyang'anywa, aliondoka kwa ndege na mamake. Lakini lugha inamtoka. Siku ya Krismasi aliombwa aombe, akaomba kwa Kiingereza, sala nzuri yenye shukrani kwa majina ya watu. Nyanya yake alifumba macho, akaitikia amina, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amesema nini?"

Mimi naona hivi. Kwenye suala la maswali, mama ana haki, na sisi Mombasa ndio wa kubadilika. Kwa mengine karibu yote, nyanya ana haki, na dawa yake haiko Uingereza. Kikundi cha Ijumaa hakiwezi kumpa matanga, wala lugha, wala mzee wa kumkabidhi sufuria. Hayo ni juu yetu, hata akiwa mbali. Tangu Januari wawili hao husoma Marko kwa simu kila Jumapili ibada ikiisha, saa tano huku, na kule saa mbili asubuhi wakati wa baridi. Kijana husoma kwa Kiswahili, anajikwaa kwenye "wakastaajabu", nyanya anamrudisha. Mara nyingine yeye ndiye huuliza, na nyanya hunyamaza hadi nadhani mtandao umekatika.

Nami nimeacha dakika 30 za mwisho darasani kwa maswali. Wiki ya kwanza hakuna aliyefungua kinywa, ikabidi nigawe vipande vya karatasi wasiandike majina. Nilipovifungua nyumbani, kimoja kiliuliza kama rafiki yake Mwislamu ataenda motoni. Kingine, kwa penseli, kiliandikwa: "Kwa nini Mungu hakumponya baba na tulifunga siku saba?" Karatasi hiyo bado iko ndani ya Biblia yangu. Nimejaribu jibu mara tatu nikaliona halifai kwa mtoto. Jumapili hii nimemwomba nyanya yule aje akae nasi darasani. Amezika mume na watoto wawili, na bado yuko kwaya.