Plagini ikigoma: uiburute tena au uiweke kwa mkono?

Anayetumia Keyboard Maestro kuifanya Mac imalize kazi zinazojirudia ana njia mbili za kuongeza plagini, yaani nyongeza ndogo inayoipa programu hiyo vitendo vipya. Anaweza kuchukua faili ya zip kama alivyoipakua na kuiburuta hadi kwenye ikoni ya programu iliyo kwenye Dock, ule mstari wa ikoni ukingoni mwa skrini. Au anaweza kuifungua zip mwenyewe, kisha folda iliyomo aitie katika Keyboard Maestro Actions, folda inayokaa ndani ya folda ya Keyboard Maestro katika Application Support, chini ya Library ya mtumiaji. Njia ya kwanza ikigoma, ushauri hugawanyika papo hapo: wengine husema jaribu tena, wengine husema achana nayo, weka kwa mkono.

Wanaotetea kuburuta wana hoja. Tangu toleo la Lion la mwaka 2011, Apple imeificha Library ya mtumiaji, na haikuificha bure. Humo ndimo programu zinamohifadhi vitu vyao, na mkono mgeni unaweza kuharibu mambo mengi kwa dakika moja. Isitoshe, chanzo cha mgomo mara nyingi ni kidogo mno. Safari, kivinjari cha Apple, ina mpangilio wa kufungua faili zinazohesabiwa kuwa salama mara tu zinapopakuliwa, na zip ni mojawapo. Mtu anadhani ameshika zip kumbe ameshika folda ya kawaida, na ikoni haiipokei. Hapo hakuna haja ya kuzama Library. Zima mpangilio huo upakue upya, au ibane folda nzima iwe zip tena.

Hata hivyo, kuburuta kuna kasoro moja inayonifanya niegemee upande wa pili: hakukuonyeshi kitu. Kukishindikana, hujui kama faili haikufika, imefika pasipo pake, au imefika salama ila ina ubovu wake. Ukishika Option na kufungua menyu ya Go kwenye Finder, programu ya Mac ya kutazamia faili, Library inajitokeza, na unaona kwa macho. Ndani ya folda ya plagini kunapaswa kuwa na faili iitwayo Keyboard Maestro Action.plist. Kosa ambalo kuburuta kusingekuonyesha ni folda iliyomezwa na folda: zip ilipofunguliwa ilizaa folda ya nje, na plagini yenyewe imo ndani yake, hatua moja chini ya pale programu inapotazama. Isogeze juu, ifunge programu, uifungue tena.

Pingamizi zito dhidi ya kuweka kwa mkono ni la usalama, na hapa nadhani pande zote mbili hukosea. Faili iliyotoka kwenye intaneti hubandikwa alama ya karantini, com.apple.quarantine, inayoiambia Mac iitilie shaka. Watu husambaziana amri ya xattr ya kuifuta kana kwamba ni dawa ya kila homa. Mimi naiona kama hatua ya mwisho, tena baada ya kusoma kilichomo. Lakini anayedai kwamba kuburuta ni salama zaidi naye ajibu: ni nani aliyeikagua skripti, yaani maagizo ambayo plagini huyatekeleza, wakati wa kuburuta? Programu inaihamisha tu, haipimi nia ya mwandishi wake. Na Keyboard Maestro, ili ifanye kazi yake, kwa kawaida imeshapewa ruhusa ya Accessibility, yaani uwezo wa kubonyeza na kuandika kwa niaba yako. Plagini inaingia nyumba ambayo milango yake imeshafunguliwa. Skripti nyingi ni maandishi ya kawaida, kwa hiyo aliyeiweka kwa mkono angalau amepata nafasi ya kuisoma, ingawa sidai kwamba wengi huitumia nafasi hiyo.

Kuna kundi la matatizo ambalo ubishi huu wote hauligusi: plagini inayoonekana kwenye orodha ya vitendo lakini ikiitwa haifanyi kitu. Kuisakinisha upya mara tano hakutasaidia. Plagini za zamani zilitegemea lugha za kuandikia programu ambazo Mac ilikuja nazo, na Apple imeziondoa: PHP katika macOS 12 mwaka 2021, na Python 2.7 katika toleo la 12.3 mwaka 2022. Nyingine zinatafuta zana zilizowekwa na Homebrew, kisakinishi cha zana za ziada, katika /usr/local, wakati kwenye Mac zenye chipu za Apple huwekwa /opt/homebrew. Nyingine zimepoteza tu ruhusa ya kuendeshwa zilipokuwa zikihamishwa, na amri ya chmod +x inatosha kuzirudishia.

Ili kujua ni lipi kati ya hayo, ifungue Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, na uiendeshe skripti moja kwa moja. Ukisoma "permission denied", tatizo ni ruhusa. Ukisoma "bad interpreter", lugha inayotafutwa haipo mahali ilipotajwa katika mstari wa kwanza. Na ikilalamika kwamba haikupewa thamani fulani, furahi: Keyboard Maestro ndiyo huzikabidhi thamani hizo kupitia vigeu vinavyoanza na KMPARAM, na Terminal haina habari navyo. Maana yake skripti imeamka, na kilichobaki kukaguliwa ni sehemu ulizojaza ndani ya makro, yaani mfuatano wa vitendo uliouunda.