Nilivyoingia Demani

Mke wangu ndiye aliyekata tiketi. Mimi michezo ya kuigiza niliachana nayo shule ya msingi, nilipopewa nafasi ya kuwa mti. Lakini Manchester mwezi wa Januari, ukiambiwa pana mahali pana joto, unakwenda.

Mahali penyewe ni Royal Exchange, jumba ambamo wafanyabiashara wa pamba walikuwa wakipigana bei mpaka 1968. Ubao wa bei za siku ya mwisho bado uko juu kule, umeachwa vilevile. Mwaka 1976 wakafungua humo ndani ukumbi wa maigizo wa chuma na vioo, pande saba, tani 150. Sakafu ya zamani isingehimili, basi wakauning'iniza kwenye nguzo nne za jumba. Mimi mtoto wa mvuvi nilipouona nikasema: hili dema. Na dema, samaki huingia kwa raha zake. Kutoka ndiyo kazi.

Mapumziko yalipofika, mama Salma akanituma chai. Nikainunua, nikasimama kuusoma ule ubao (bei za pamba za zaidi ya miaka 50 iliyopita, zinanihusu nini?), mara kengele. Mbio! Sasa pande saba zile, kila mlango pacha wa mwenzake. Binti wa mlangoni akaninong'oneza kitu akinionyesha kushoto. Sikuambulia hata neno. Nikatikisa kichwa kama niliyeelewa, nikashika kulia.

Gizani nikakuta watu watano wamepanga foleni, makoti yamechakaa kama langu la mtumba. Moyo ukatulia: kumbe wachelewaji tuko wengi. Nikaunga nyuma. Mlango ukafunguka, tukaingia, taa zikatuwakia usoni.

Wenzangu wakaanza kulia msiba.

Jukwaa lile halina pazia wala pa kujibanza, watazamaji wamelizunguka lote. Nikageuka, macho. Nikageuka tena, macho. Wenzangu wamevaa kizamani, mimi nimeshika kikombe cha karatasi chenye kifuniko cha plastiki, mkono unatetemeka, chai inaniunguza vidole. Kukimbia siwezi, kulia sijui.

Mzee mfiwa akanitazama. Akakitazama kikombe. Akakipokea kwa mikono miwili, akabandua kifuniko taratibu kama anayefunua maiti, akanywa. Kisha akanishika bega kwa huzuni, akawa ananisogeza polepole kuelekea mlangoni. Ukumbi mzima kimya, hata kikohozi hakuna.

Katika kimya kile ikatoka sauti safu ya pili:

"Baba Salma! Chai yangu hiyo!"

Onyesho lilipokwisha, ajuza mmoja alinishika mkono kwenye ngazi, macho bado mekundu. Akaniambia wote walicheza vizuri, lakini yule mtumishi bubu ndiye aliyemliza. Nikamshukuru, ningefanyaje? Mama Salma akamwambia hata nyumbani niko vilevile, nikitumwa chai hairudi.