Jamani, utepe ule umewakosea nini?

Hivi mtu anayefungua utepe wa kuwaonyesha wakimbiaji njia kwenye mti msituni huwa anaupeleka wapi? Mbio za msituni si za barabarani. Hakuna lami ya kufuata wala umati wa kukuelekeza. Kila njia panda ni utepe tu, umefungwa kwenye tawi usawa wa macho. Ukiondolewa, umepotea.

Juzi nilikuwa kilomita ya 31 kati ya 50, mapaja yanawaka moto. Nafika njia panda, nakuta fundo tu limebaki kwenye tawi, utepe umekatwa kwa kisu kabisa! Nikashika kushoto, nikateremka bonde zima, kisha nikalipanda tena lote, mikono magotini, maji yamebaki mafunda mawili. Wenzangu sita nao wakapotea vilevile.

Najua msitu ulio jirani na jiji ni wa wote, wakiwamo waendesha baiskeli na wenye mbwa. Sawa. Lakini kama utepe unakukera, subiri, waandaaji huutoa wenyewe mbio zikiisha. Kuna mtu huko nyuma anakimbia gizani na tochi kichwani, anautafuta utepe uleule uliousokomeza mfukoni.