Taa Moja Kali au Kadhaa za Wastani: Uenezi wa Mwanga katika Tangi la Matumbawe

Watengenezaji wa taa za LED za matumbawe hupenda kueleza uwezo wa bidhaa zao kwa eneo: taa hii inatosha tangi la sentimita 60 kwa 60, ile kubwa yake inafika 75 kwa 75. Vipimo hivyo si vya uongo, lakini havijitoshelezi, kwa kuwa havisemi mwanga unabaki na nguvu kiasi gani pembezoni mwa eneo hilo, taa ilining'inizwa juu kiasi gani ilipopimwa, wala ni matumbawe ya aina gani yaliyokusudiwa. Kona ya tangi inayoambulia mwanga hafifu huhesabiwa kuwa imefikiwa, na kweli imefikiwa. Ila tumbawe la Acropora, jamii ya matumbawe magumu yenye matawi na polipu ndogo, likipandikizwa hapo litageuka rangi ya kahawia na kudumaa, huku mwenye tangi akihangaika na kemia ya maji ambayo haina kosa lolote.

Matumbawe mengi yanayofugwa hupata sehemu kubwa ya chakula chake kutoka kwa mwani wa hadubini unaoishi ndani ya tishu zake, na mwani huo hutegemea mwanga wa masafa ya nanomita 400 hadi 700. Wingi wa mwanga huo, unaojulikana kwa ufupi kama PAR, hupimwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Kwa desturi ya wafugaji, matumbawe laini na yale magumu yenye polipu (vijinyama hai vya tumbawe) kubwa hupewa baina ya 50 na 150, na yale magumu yenye polipu ndogo hupewa baina ya 200 na 350. Hizi si sheria, maana tumbawe huweza kuzoea mazingira yake kwa kiasi, lakini zinaonyesha kwamba swali la eneo halina jibu mpaka kwanza ijulikane ni nani atakayekaa wapi.

Tuangalie mwanga unavyosafiri. Lenzi ya taa yenye pembe ya nyuzi 90 ikiwa sentimita 20 juu ya maji huchora duara la kipenyo cha sentimita 40 juu ya uso wa maji. Ya nyuzi 120, kwa kimo kilekile, huchora duara la karibu sentimita 69. Ukingo wa duara hilo, kwa kawaida ya upimaji wa lenzi, ni pale ambapo ukali wa mwale umeshapungua kwa nusu ukilinganishwa na katikati, na hapo bado hatujahesabu umbali wa ziada ambao miale ya pembeni huenda. Ikiingia majini miale hupinda kuelekea chini: ule uliotoka kwa mshazari wa nyuzi 45 huendelea kwa nyuzi 32 hivi, na ule wa 60 huendelea kwa 41. Ndiyo kusema maji yenyewe huubana mwanga, na lenzi pana haiendelei kutanua ndani ya tangi kama inavyotanua hewani. Kwa upande mwingine, miale inayogonga kioo kisafi kwa ndani hurudishwa tangini badala ya kupotea, na hii ni sababu mojawapo inayofanya mwanga upungue taratibu zaidi kuliko hesabu ya mraba wa umbali (umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo) inavyotabiri. Kioo cha nyuma kilichopakwa rangi nyeusi, au cha ubavuni kilichoota mwani, hakitoi msaada huo.

Wanaotetea taa moja yenye nguvu na lenzi nyembamba wana hoja nzito kuliko wanavyopewa sifa. Tangi lenye kina cha sentimita 60 au zaidi linahitaji mwanga utakaofika mchangani ukiwa bado na maana, na taa pana dhaifu hushindwa kazi hiyo hata zikipangwa nyingi. Chanzo kimoja cha mwanga hutoa pia ile michirizi inayocheza juu ya mawe pale maji yanapotikisika, ambayo taa za mirija ya floresenti haziwezi kuitoa. Zaidi ya hayo, wanasema, kwa nini mwanga ulingane kila mahali? Mwamba wa baharini una mabonde, mapango na vilele. Tangi lenye PAR ya 300 katikati na 80 pembeni humpa mfugaji nafasi ya kuweka Acropora juu, Euphyllia, tumbawe la polipu kubwa, ubavuni na matumbawe ya uyoga kivulini, vyote chini ya taa moja. Kwa tangi la mchanganyiko, hoja hii naikubali bila masharti mengi. Mwanga uliosambaa sawasawa kila pahali katika tangi la namna hiyo ungekuwa kero, kwa kuwa wapenda kivuli wangekosa pa kujificha.

Udhaifu wa hoja hiyo huonekana tumbawe linapokua. Kipande cha Acropora chenye urefu wa kidole, kikiwa chini kidogo ya taa, hupata mwanga wa kutosha pande zake zote kwa sababu bado hakina matawi ya kujifunika. Kikishakuwa kichaka cha ukubwa wa ngumi mbili, matawi ya juu huzuia mwanga unaotoka sehemu moja tu, na mwenye kuchungulia kwa chini, kupitia kioo cha pembeni, ataona tishu za shinani zikipoteza rangi, kisha zikirudi nyuma na kuacha mifupa mitupu, ilhali ncha zinaendelea kung'aa na kurefuka. Kipimo kikiwekwa juu ya tumbawe hilo kitasoma namba nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba mwanga unatoka upande mmoja, na kuongeza nguvu ya taa hakuleti mwanga mahali ambapo miale haifiki. Huchoma ncha na kuacha shina gizani.

Hapa ndipo mirija myembamba ya floresenti iitwayo T5 ilipojijengea heshima ambayo haijaisha. Mrija unaokaribia urefu wa tangi, ukiwa na kiakisi nyuma yake, humwaga mwanga kutoka kila nukta ya urefu huo, na kivuli cha tawi moja hujazwa na mwanga unaopita kando ya tawi jingine. Gharama yake inajulikana: mirija hupungua nguvu na hubadilishwa baada ya miezi 9 hadi 12, ina zebaki ndani, na rangi yake haibadilishwi ila kwa kubadilisha mrija. Wapo waliochagua njia ya kati, wakaweka taa za LED katikati na mirija miwili au minne kuzizunguka; wengine wamebadilisha mirija hiyo kwa taa ndefu za LED zinazofanya kazi ileile bila zebaki. Mpangilio huu si mzuri kwa macho, na nyaya zake ni nyingi, lakini kwa tangi lililojaa matumbawe yenye matawi sijaona hoja ya kiufundi inayoushinda.

Suala la fedha kwa kawaida hujadiliwa nusunusu. Taa mbili za wastani hugharimu zaidi ya moja siku ya kununua, hilo halina ubishi. Hata hivyo, taa mbili zinazoendeshwa kwa nusu ya uwezo zina ufanisi mzuri zaidi kwa kila wati kuliko moja inayosukumwa hadi mwisho, kwa sababu chipu za LED hupoteza ufanisi kadiri mkondo na joto vinavyopanda. Feni hazipigi kelele, na siku taa moja ikiharibika matumbawe hayabaki gizani yakisubiri fundi. Anayetafuta nafuu kwa kuinua taa moja juu zaidi ili itawanyike naye hupata anachokitafuta, ila hulipa kwa nguvu iliyopungua, mwanga unaomwagika nje ya tangi, na mng'ao unaowaumiza macho waliokaa chumbani.

Uamuzi wowote kati ya haya unahitaji kipimo, na jicho si kipimo. Macho yetu, pamoja na vifaa vya kupima lux (kipimo cha mwanga kama jicho linavyouona), huona zaidi kijani na manjano, ilhali taa za matumbawe huegemea buluu ya karibu nanomita 450; kwa hiyo tangi linaloonekana lina giza huweza kuwa na PAR ya kutosha, na lililowekewa chipu nyeupe nyingi likaonekana ng'avu kuliko lilivyo. Kihisio halisi cha PAR kinachofaa majini ni ghali, lakini kinahitajika kwa saa chache tu, na kukiazima kwa mfugaji mwingine kunatosha. Kisomwe kwa safu: katikati, chini ya kila ukingo wa taa, katika kona zote nne, na tena nyuma ya mawe, si pale panapong'aa peke yake.

Kwa maoni yangu, umbo la tangi ndilo liamue. Tangi la mraba lisilozidi sentimita 60 kila upande, lenye matumbawe laini na ya polipu kubwa, halihitaji zaidi ya taa moja nzuri, na fedha ya taa ya pili itumike kwingine. Tangi la sentimita 120 kwa 60 ni jambo tofauti: taa mbili ndiyo chini kabisa, hata kama boksi la taa moja kubwa linadai vingine, na mwenye nia ya kulijaza Acropora aongeze ya tatu au azizungushie hizo mbili taa ndefu. Atazame pia kama tangi lina kioo cha kukaza katikati, kinachounganisha kioo cha mbele na cha nyuma, kwa sababu kikishashika chumvi hupunguza mwanga pale panapotegemewa zaidi.

Anayeongeza taa kwenye tangi linaloishi azingatie jambo moja la ziada. Maeneo ya taa mbili yanapopishana, mwanga hujumlishwa, na tumbawe lililokuwa limezoea 150 katikati ya tangi huweza kujikuta kwenye 300 kwa usiku mmoja. Kupauka kwa mwanga uliozidi huja upesi kuliko madhara ya mwanga uliopungua, kwa hiyo taa zote mbili zishushwe hadi namba ya katikati irudi ilipokuwa, ndipo zipandishwe kidogokidogo kwa wiki kadhaa, kipimo kikiwa palepale tumbawe lilipo.