Selo ilipokwaruza Bagamoyo

Safu yetu ilikuwa na watu kumi na mmoja. Mpiga selo, ile fidla kubwa ipigwayo kwa uta ikiwa kati ya magoti, alipomaliza kipande cha tatu tulibaki sita. Waliotoka walikuwa na neno moja: hayo ni makelele, si muziki.

Wana hoja. Waandaaji hawakutuambia lolote kabla ya onyesho, na aliyelipa kiingilio hakatazwi kwenda zake. Kipande kilichowakera zaidi, "Pression" cha Mjerumani Helmut Lachenmann, kiliandikwa 1969, na maandishi yake humwelekeza mpigaji mikono ifanye nini badala ya kumpa noti za kuimbisha. Uta ukakandamizwa mpaka uzi ukakoroma. Kiganja kikasugua nyuzi. Kwa dakika nzima nilisikia pumzi ya jirani yangu kuliko selo.

Wanaosema selo ni ala ya Kizungu nawapita haraka. Vikundi vya taarabu Unguja vimeipiga selo miaka mingi. Kinachonikera ni hilo neno "makelele", tena likitamkwa Bagamoyo, mji wenye chuo cha sanaa tangu 1981, mji alioishi Hukwe Zawose, mwanamuziki mashuhuri wa Kigogo, hadi alipofariki 2003. Sikiliza kwa karibu ilimba ya Wagogo, ala ya sanduku yenye vijino vya chuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Fundi huvisha vijino vyake vipete vya chuma makusudi ili vivume, na tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui ili mvumo uzidi. Ukivitoa, sauti itatakata, na ladha imekwisha. Zeze nalo, kabla halijaimba, hukwaruza. Sikio la hapa lilijua zamani kwamba mkwaruzo ni sehemu ya wimbo. Tumelisahaulisha kwa spika na vinanda vya umeme (na kwenye harusi ndiyo usiseme). Mpiga selo yule hakutuletea kioja. Alichofanya ni kuuacha mkwaruzo peke yake, bila wimbo wa kuusitiri, na hapo nakubali ugumu upo.

Nimeirudia hesabu ya wale watano usiku kucha. Wawili nawafahamu: walikuwa wanawahi daladala ya Dar. Wa tatu alipigiwa simu. Wa nne alitoka amenuna, huyo hana ubishi. Wa tano, aliyetamka "makelele" kwa sauti kubwa kuliko wote, nilipogeuka nilimwona bado kaegemea mlango, mguu mmoja nje, shingo kaielekeza jukwaani, na hakubanduka mpaka uta ulipoinuliwa.